Dawa Iliyo Chini ya Jembe Lako

Mkulima, bila shaka umewahi kusimama mlangoni siku ile mvua ya kwanza inapoangukia shamba lililokauka, ukavuta harufu ya udongo. Kila mtu huipenda harufu hiyo, hata mtoto mdogo. Lakini ukiulizwa inatoka wapi, huenda ukajibu kwamba ni ya mvua, au ni ya vumbi. Sivyo. Inatengenezwa na vidudu vilivyo hai, vidogo mno visivyoonekana kwa macho, ambavyo wataalamu huviita streptomisesi. Vinaishi ndani ya udongo wa shamba lako kama wewe unavyoishi juu yake. Kitu chenyewe kinachonukia kilipewa jina mwaka 1965 na wataalamu wawili wa Marekani, wakakiita jiosmini.

Leo nataka tuzungumze juu ya vidudu hivyo, maana harufu ni kazi yao ndogo tu. Ukienda duka la dawa za mifugo ukanunua chupa ya OTC, au ile dawa nyeupe ya pen-strep ambayo ni lazima uitikise kabla ya kuivuta kwenye sindano, umenunua kitu kilichopatikana kwa vidudu vya udongo. Mtoto wako akipewa erithromaisini zahanatini, nayo imetoka huko huko. Wengi wetu twadhani dawa hizi zilibuniwa na watu wenye makoti meupe. Ukweli ni kwamba waliziokota.

Mimi ni karani wa ofisi ya kilimo. Sikusomea udaktari. Nilifunzwa ualimu, nikasimama mbele ya darasa miaka michache kabla ya kuletwa kwenye mafaili. Basi nitaeleza kama mwalimu, polepole, na pale ambapo daktari wa mifugo ndiye mwenye neno nitakuelekeza kwake. Lakini nina sababu mbili za nyumbani zinazonifanya niandike habari hii. Ya kwanza ni masikio ya babu yangu, na ya pili ni ng'ombe wangu mwenyewe.

KIJANA WA SHAMBA NA KOO LA KUKU

Babu yangu alipata eka 15 katika skimu huko Kinangop mwaka 1964. Kabla ya hapo, akiwa kijana, alishikwa na kifua kikuu. Alilazwa miezi mingi, akawa anachomwa sindano ya streptomaisini kila siku mpaka akakosa mahali pa kukalia. Alipona. Akapewa shamba, akaoa, akazaa watoto saba, na mmoja wao ndiye baba yangu. Ila masikio yake yalibaki mazito tangu siku zile, maana dawa hiyo huweza kuharibu masikio. Sisi wajukuu tulipokuwa tukimpigia kelele ndipo atusikie, tulidhani ni uzee tu.

Dawa hiyo ilipatikana hivi. Katika chuo cha kilimo cha Rutgers, jimbo la New Jersey huko Marekani, kulikuwa na profesa wa udongo jina lake Selman Waksman. Mwanafunzi wake wa zamani, Mfaransa aitwaye René Dubos, alikuwa ametangaza mwaka 1939 kwamba amepata kidudu cha udongo kinachotoa sumu ya kuua vidudu vingine. Waksman akafikiri: kama kidudu kimoja kina sumu ya namna hiyo, je, vingine vingapi vinayo? Akawapanga wanafunzi wake kutafuta udongo baada ya udongo. Mwaka 1940 wakapata sumu moja, lakini ilikuwa kali mno hata ikaua wanyama waliojaribiwa. Mwaka 1942 wakapata nyingine, nayo ikaharibu figo. Hapo mtu mwenye haraka angeacha.

Miongoni mwa wanafunzi hao alikuwamo kijana wa miaka 23, Albert Schatz. Alikulia katika shamba la babu yake jimbo la Connecticut, na alisomea udongo kwa sababu alikusudia kurudi nyumbani kulima. Alifanya kazi katika chumba cha chini ya ardhi, maana alikuwa akijaribu kuua kidudu cha kifua kikuu na wenzake hawakutaka kidudu hicho karibu nao. Tarehe 19 Oktoba 1943 akaona alichokuwa akikitafuta. Kilitoka mahali pawili: katika udongo wa shamba lililotiwa samadi nyingi, na katika ute uliofutwa kooni mwa kuku. Mahali pote pawili palikuwa na kidudu cha aina moja, cha rangi ya kijivu, na sumu yake ilikizuia kidudu cha kifua kikuu kuzaana.

Ndiyo hiyo streptomaisini. Huko Uingereza mwaka 1948 yalitangazwa matokeo ya majaribio juu ya wagonjwa 107. Wagonjwa 55 walichomwa dawa, na 52 walipewa kitanda na mapumziko tu, kama ilivyokuwa desturi. Baada ya miezi sita, katika wale 55 walikuwa wamekufa 4, na katika wale 52 walikuwa wamekufa 14. Hakuna aliyekuwa ameona jambo kama hilo katika ugonjwa wa kifua kikuu.

Waksman alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1952, peke yake. Schatz alikuwa amekwenda mahakamani mwaka 1950, na katika mapatano akatambuliwa kuwa alishiriki kuigundua dawa na akapata sehemu ya mapato. Watu wa elimu bado wanabishana juu ya haki ya wawili hao. Mimi nikiwa karani wa ngazi ya chini, nakiri kwamba moyo wangu uko upande wa yule aliyelala chumba cha chini.

Lakini turudi kwa wale wagonjwa wa Uingereza, maana habari yao haikuishia hapo. Kwa wengi wa waliochomwa dawa, vidudu vya kifua kikuu viliizoea ndani ya miezi ile ile. Dawa ikawa kama maji. Walipohesabiwa tena baada ya miaka mitano, tofauti kati ya waliochomwa na wasiochomwa ilikuwa imepungua sana. Ndiyo sababu tangu wakati huo mgonjwa wa kifua kikuu hapewi dawa moja tu. Hupewa kadhaa kwa pamoja, ili kidudu kinachookoka kwenye hii kikamatwe na ile.

JINSI KAZI INAVYOFANYWA

Nisikufiche: kutafuta dawa katika udongo si uchawi, na hata shule yenye vyombo vichache yaweza kuionyesha. Mtaalamu huchukua udongo kidogo, kiasi cha kujaza kijiko cha chai, akauanika. Streptomisesi huvumilia ukavu kwa kuwa na mbegu zake ndogo ndogo, na vidudu vingine vingi hufa. Kisha huukoroga katika maji safi, akachota tone, akaliongezea maji, akachota tena, akaongeza tena, mpaka vidudu vilivyokuwa mamilioni vimetawanyika. Gramu moja tu ya udongo mzuri yaweza kuwa na vidudu mamia ya mamilioni, kwa hiyo usipovitawanya hutaona kitu.

Maji hayo hupakwa juu ya sahani yenye uji ulioganda, unaotengenezwa kwa mwani wa baharini. Baada ya siku kadhaa madoa huchipua. Doa la streptomisesi ni kavu, lina unga kama chaki, na ukilisogeza puani unasikia ile harufu ya mvua. Sasa huhamishwa kwenye sahani nyingine, na kandokando yake hupandwa kidudu cha ugonjwa. Kama doa lile halina kitu, kidudu cha ugonjwa huota mpaka kuligusa. Kama lina sumu, basi kunabaki nafasi tupu kulizunguka, kama nafasi unayoiona chini ya mkalitusi ambako hata magugu hayataki kuota. Nafasi hiyo tupu ndiyo waliyoitafuta watu wa Rutgers, na ndiyo inayotafutwa mpaka leo.

Baada ya streptomaisini, makampuni ya dawa yalianza kukusanya udongo kila pembe ya dunia. Mwaka 1945 mzee Benjamin Duggar, ambaye alikwisha pita umri wa kustaafu, alipata dawa ya kwanza ya jamii ya tetrasaiklini katika udongo wa shamba la majaribio la chuo cha Missouri. OTC yako ni ndugu yake, ilitangazwa mwaka 1950. Mwaka 1949 daktari wa Ufilipino, Abelardo Aguilar, alipeleka udongo kutoka jimbo la Iloilo kwa kampuni ya Marekani aliyoifanyia kazi, na humo ikapatikana erithromaisini. Mwaka 1952 mmishonari aliyekuwa Borneo alimpelekea rafiki yake fungu la udongo, ikapatikana vankomaisini, ambayo mwanzoni ilikuwa na uchafu wa rangi ya matope hata waliokuwa wakiishughulikia wakaipa jina la utani la matope ya mto. Vankomaisini hiyo ndiyo hospitali nyingi huikimbilia dawa nyingine zikishindwa. Hata ile dawa ya minyoo na kupe, ivermectin, ilitoka kwa streptomisesi wa udongo wa Kawana huko Japani, ingawa hiyo haiui bakteria. Satoshi Omura aliyeupata udongo huo na William Campbell aliyeifanyia kazi walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Kisha kisima kikaanza kukauka. Kila aliyechimba alikuta yale yale yaliyokwisha patikana: streptomaisini tena, tetrasaiklini tena. Makampuni yakachoka. Tena dawa mpya ya namna hii haileti faida kubwa, kwa sababu daktari mwema huiweka akiba asiitumie ovyo, na mgonjwa akiitumia hupona kwa siku chache akaacha kuinunua. Kampuni hupenda zaidi dawa inayomezwa kila siku mpaka kufa. Sisemi hivyo kwa chuki, ni hesabu ya duka tu, kama hesabu ya kopo la maziwa.

NGAO NA MKUKI PAMOJA

Wazee wa skimu zetu wanajua jinsi kupe walivyoizoea dawa ya josho mpaka ikabidi dawa ibadilishwe, na baadaye ile nyingine nayo ikazoewa. Bakteria hufanya vivyo hivyo, ila wao huzaana upesi kuliko kupe, wengine kila nusu saa. Ukitumia dawa, wanyonge hufa na wachache wenye nguvu hubaki. Hao wachache ndio watakaojaza nyumba kesho. Zaidi ya hayo, bakteria wana desturi ambayo kupe hawana: huweza kumpa jirani yao ngao, hata kama jirani si wa ukoo wao.

Na ngao hizo zinatoka wapi? Zinatoka udongoni pia. Kidudu kinachotengeneza sumu lazima kijikinge na sumu yake chenyewe, la sivyo kingekufa cha kwanza. Basi palipo na mkuki pana na ngao. Mwaka 2011 wataalamu wa Kanada walionyesha kwamba ngao hizo zimo katika udongo ulioganda kwa barafu huko Yukon tangu miaka 30,000 iliyopita, kabla mwanadamu hajajua chupa wala sindano. Sisi hatukuzibuni ngao. Tulichofanya ni kuzichagua na kuzieneza, kwa kumwaga dawa mahali pengi mno.

Wakulima tumeshiriki katika hilo, na afadhali tuambiane kweli. Mnamo mwaka 1950 iligunduliwa Marekani kwamba vifaranga wakilishwa mabaki ya kiwanda cha dawa hukua upesi. Tangu hapo dawa za wagonjwa zikaanza kutiwa katika chakula cha kuku na nguruwe wazima wasio na ugonjwa wowote. Huko Ulaya walilisha dawa moja iliyo ndugu ya vankomaisini, mpaka vidudu vilivyoishinda vikaonekana ndani ya wanyama hao, na Umoja wa Ulaya ukaipiga marufuku mwaka 1997. Huko China walilisha kolistini, ambayo nayo ilitoka kwa bakteria wa udongo na ni miongoni mwa dawa za mwisho kabisa kwa mgonjwa mahututi. Mwaka 2015 ikatangazwa kwamba ngao dhidi ya kolistini imepatikana katika nguruwe, katika nyama na katika wagonjwa hospitalini. Serikali ya huko ikaizuia kolistini isitiwe katika chakula cha mifugo kwa ajili ya kukuza tu, kuanzia mwaka 2017.

Hesabu iliyotolewa na wataalamu wa nchi nyingi ilisema kwamba katika mwaka 2019 watu wapatao milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu bakteria waliowashika walikuwa sugu kwa dawa. Ukilinganisha na wingi wa watu, Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyopigwa zaidi.

NG'OMBE WANGU

Sasa nieleze kosa langu. Nina ng'ombe watatu katika sehemu ya shamba niliyorithi. Mmoja, tunamwita Waridi, alizaa, na wiki ya tatu chuchu moja ya nyuma ikavimba, ikawa ya moto, maziwa yakatoka na mabonge. Kila mfugaji anaujua ugonjwa huo wa kiwele. Sikumwita daktari. Nilijiona mtu wa ofisi ya kilimo, ninayezipiga chapa barua za kuwaonya wakulima wengine. Nikaenda dukani nikanunua mirija mitatu ya dawa ya kutia katika chuchu. Nilitia wa kwanza, nikatia wa pili, maziwa yakawa meupe. Mrija wa tatu nikauweka kabatini uwe akiba.

Aliyetambua kwanza kwamba mambo si sawa ni mke wangu. Maziwa aliyoyatenga kwa ajili ya maziwa lala hayakuganda siku ya kwanza, wala ya pili. Yalikaa tu mtungini kama maji ya chokaa. Maana yake ni rahisi: bakteria wazuri wanaogandisha maziwa walikuwa wameuawa na dawa iliyokuwamo. Aliniambia. Nikamjibu kwamba ni baridi ya mwezi wa saba. Asubuhi nikapeleka maziwa ya Waridi barabarani, yakamiminwa katika kopo kubwa pamoja na ya majirani saba. Yalipopimwa yakaonekana yana dawa, na kopo zima likamwagwa. Majirani hao saba hawakunitukana. Mmoja aliniuliza tu, kwa upole, kama ofisini kwetu hatufundishwi kusoma karatasi ya ndani ya kisanduku. Karatasi hiyo ilikuwa imeandika wazi siku za kungoja kabla ya kuuza.

Baada ya mwezi mmoja chuchu ikavimba tena. Safari hii nilitia ule mrija wa akiba, usifanye kitu. Nikanunua dawa ya namna nyingine, nayo isifanye kitu. Ndipo nikamwita daktari wa mifugo, akachukua maziwa kidogo kwa chupa safi yakapelekwa maabara. Siku nilipokwenda kuchukua majibu, msichana wa maabara alinionyesha sahani yenyewe. Kidudu ni stafilokokasi, kile kile kinachokaa puani na katika ngozi za watu na kutia usaha vidonda. Alikuwa amekitandaza juu ya sahani nzima, kisha akaweka vipande vya karatasi vya mviringo, kila kimoja kimelowekwa dawa yake. Vingine vilizungukwa na nafasi tupu. Viwili havikuwa na nafasi hata ya unywele: vidudu vilikuwa vimeota mpaka juu ya karatasi. Hivyo viwili ndivyo zile dawa zangu mbili.

Niliitazama sahani ile nikamkumbuka kijana Schatz na doa lake la kijivu. Alama ni ile ile. Yeye alifurahi kwa kuiona, na mimi niliaibika kwa kuikosa.

UDONGO UNAANZA KUSEMA TENA

Lakini usidhani kisima kimekauka kabisa. Kwa muda mrefu wataalamu walijua kwamba vidudu vingi vya udongo, kama 99 katika kila 100, hukataa kuota juu ya sahani ya maabara. Kwa hiyo vile vyote tulivyovipata tangu mwaka 1943 vilitoka katika kundi dogo linalokubali kufugwa. Mwaka 2015 watu wa chuo cha Northeastern mjini Boston, wakiongozwa na Kim Lewis, walitangaza hila mpya. Walitengeneza kibao chenye matundu madogo, kila tundu likatiwa kidudu kimoja, kikafunikwa kwa ngozi nyembamba inayopitisha chakula, kisha kibao kikazikwa tena katika udongo ule ule. Kidudu kikadhani kiko nyumbani, kikaota. Katika udongo wa uwanja wa majani jimbo la Maine wakapata kidudu kinachotoa sumu waliyoiita teiksobaktini. Sumu hii hushika vitu ambavyo bakteria hujengea ukuta wake, na kuvibadilisha vitu hivyo si rahisi kwa bakteria. Mwaka 2023 ikatangazwa nyingine, klovibaktini, kutoka udongo wa mchanga wa North Carolina.

Mwaka 2025 wataalamu wa chuo cha McMaster huko Kanada walieleza jambo lililonipendeza zaidi. Walichukua udongo wa nyuma ya nyumba ya mtu mjini Hamilton, wakauacha vidudu vyake viote katika maabara kwa muda wa kama mwaka mmoja, bila haraka, ili hata vile vya polepole vipate nafasi. Humo wakapata lariosidini. Mkulima wa miti ya matunda ataelewa subira hiyo kuliko mkulima wa sukumawiki.

Na kwetu je? Ukipita Laikipia au nyanda za Athi, pale penye udongo mweusi unaonasa magurudumu wakati wa mvua, utaona migunga mifupi yenye vivimbe vyeusi kwenye miiba, ambayo hupiga mluzi upepo ukivuma. Ndani ya vivimbe hivyo huishi sisimizi. Mchungaji yeyote amekwisha kuumwa nao. Aina moja ya sisimizi hao hukaa pamoja na ukungu ndani ya kivimbe, na pia na streptomisesi. Mwaka 2017 wataalamu wa mji wa Norwich, Uingereza, walitangaza kwamba streptomisesi waliowapata kwa sisimizi hao wa Kenya hutoa jamii ya sumu waliyoiita formikamaisini, inayoua stafilokokasi sugu, na kwamba katika majaribio yao stafilokokasi huyo hakuizoea upesi.

Hadi ninapoandika, hakuna hata moja kati ya hizo nne iliyofika kuwa dawa ya kawaida hospitalini. Kutoka sahani mpaka sindano ni safari ya miaka mingi: lazima ijulikane kama haiharibu figo, kama haiharibu masikio. Kwa hiyo dawa tulizo nazo kabatini ndizo tutakazoendelea kuzitegemea.

Kuna jambo moja la haki ambalo mwenye shamba yafaa alijue. Yule daktari wa Iloilo hakupata sehemu ya mapato ya erithromaisini, ijapokuwa aliidai. Siku hizi mambo yamewekewa sheria. Tangu mwaka 2006 Kenya ina kanuni zinazomtaka mtu anayechukua viumbe au vidudu kwa ajili ya utafiti wa namna hii awe na kibali cha NEMA, na awe amekubaliana na wenye mali juu ya kugawana faida. Akija mgeni na vichupa akiomba udongo wa shamba lako, mkaribishe chai, kisha umwombe akuonyeshe kibali. Hata akiwa Mkenya mwenzako.

UKIPELEKA MAZIWA KUPIMWA

Kuhusu matumizi ya dawa, mengi umekwisha kuyaona katika kosa langu: mwite daktari kabla ya sindano, maliza kipimo ulichopewa, ngoja siku zilizoandikwa, usiwatie kuku wazima dawa katika maji ya kunywa eti wasiugue. Samadi ya mnyama aliyetibiwa irundike ivunde vizuri ipate joto kabla ya kuitia katika bustani ya mboga, maana sehemu ya dawa hupita katika kinyesi na mkojo ikiwa bado na nguvu, na joto la kuvunda huipunguza. Na maziwa ya nyumbani yachemshwe.

Kama chuchu imeugua mara ya pili, usinunue dawa ya tatu. Peleka maziwa yapimwe. Omba chupa iliyosafishwa maabara au kwa daktari wa mifugo. Nawa mikono kwa sabuni. Osha chuchu, ikaushe kabisa, uipanguse ncha yake kwa pamba yenye spiriti mpaka pamba itoke safi. Mikamuo michache ya kwanza itie katika kikombe, usiimwage sakafuni. Kisha kamua kidogo ndani ya chupa ukiwa umeiinamisha ili uchafu usianguke ndani, wala usiguse mdomo wake kwa kidole. Andika jina la ng'ombe, chuchu ipi, na tarehe. Iweke mahali pa baridi na uifikishe siku hiyo hiyo. Usimtie ng'ombe dawa yoyote kabla ya kuchukua maziwa hayo, maana utakificha kidudu unachokitafuta.

Waridi bado yuko. Daktari alichagua dawa moja katika zile zilizoacha nafasi tupu kwenye sahani, lakini chuchu ile ilikuwa imekwisha kuwa ngumu ndani, ikakaushwa. Sasa twamkamua chuchu tatu. Maziwa yake tuliyanywa wenyewe baada ya siku za kungoja kwisha, na mke wangu alitenga kikombe kimoja agandishe kwanza aone, kabla hajanikubalia kuyapeleka barabarani.